Ndiyo ya Zubeda

Kila Januari mume wangu ananiambia, "Mama, umestaafu. Kaa." Nakaa. Mara wanapita watoto wa kidato cha kwanza, sketi zimenunuliwa za kukulia hadi zinagusa vifundo vya miguu, kola bado zina mikunjo ya dukani, na mimi nimeshafika getini. Natazama nani anatembea na mwenzake na nani anatembea peke yake. Yule wa peke yake ndiye anayenikosesha raha siku nzima. Chai yangu inapoa, mume wangu anaimalizia, na ndoa inaendelea.

Wanafunzi waliniita Madam Hakai. Walidhani sijui. Nilijua, na jina lilinistahili, maana sikumbuki kipindi nilichowahi kukifundisha nimekaa. Sasa nyinyi walimu vijana mliopangiwa shule zetu za huku mnanifuata hapa Ihumwa mkitaka niwape mbinu za malezi. Nawaambia kaeni, mimi nasimama. Hata haya ninayoyaandika nanyanyuka katikati kuchungulia barabara. Mkiona nimeruka kutoka jambo hili hadi lile, mjue kuna mtoto amepita.

Nilianza na darasa la saba, shule ya msingi, miaka mingi. Baadaye nikajiendeleza, nikahamishiwa sekondari, nikapewa somo la Kiswahili pamoja na kazi ya malezi na ushauri. Kwa hiyo watoto walewale nimewaona huku na huku, na nawaambia bila kumung'unya maneno: wengi hatuwapotezi kwenye mtihani, tunawapotezea mlangoni. Mtoto wa darasa la saba ni mtu mzima. Anagonga kengele, anatunza ufunguo wa ofisi, anawapanga wadogo mstarini na anawakemea kwa sauti ya mwalimu mkuu. Inapita likizo moja tu, mtoto huyohuyo anaitwa njuka, yaani mgeni asiyejua lolote, na wa kidato cha pili wanamtuma maji. Mwaka jana alikuwa anajua usanisinuru kuliko mwalimu wake. Mwaka huu anaulizwa photosynthesis, anadhani ni ugonjwa.

Tulikuwa na kijana mmoja kutoka upande wa Haneti ambaye Kiingereza alichokuja nacho kilikuwa sentensi moja, ile ya kuomba kwenda msalani. Mwalimu wa jiografia akamuuliza jina lake. Akasimama wima kama askari: "May I go out, sir." Akaulizwa anatoka wapi: "May I go out, sir." Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu naye akacheka, akamwambia, "Go!" Kijana akaenda. Alikwenda kweli, hakurudi kipindi hicho wala vilivyofuata, nami nilimkuta jikoni kwa mpishi anachambua maharage kwa bidii, amekwisha kuamua kwamba hiyo ndiyo kazi yake duniani. Nikamwambia, "Sentensi yako ni nzuri, mwanangu. Tutafute ya pili." Ya pili ilikuwa "Please repeat." Alivyoizoea akawa anawasumbua walimu mpaka wakaja kunishtaki. Hilo ndilo shauri langu la kwanza kwenu, na ni la bure: mpeni kila mtoto mpya hiyo sentensi kabla hamjampa kitabu.

La pili si langu, ni la Mwalimu Agatha, mama aliyenitangulia kwenye kazi ya malezi. Mpole, mnene, hakuwa na haraka na kitu chochote, na tulivyokuwa tofauti nashangaa hatukugombana. Alikuwa akisema, "Usihangaike kumtafuta mtoro vichakani. Mtoro wa mwezi ujao yuko darasani, amekaa, anakutazama." Alinifundisha kuangalia nani anaumwa tumbo kila Kiingereza kinapokaribia na Kiswahili kikianza anapona. Alinifundisha kuangalia dawati la karibu na mlango, maana anayepanga kuondoka huanza kwa kusogea. Na alinikataza kuuliza darasa, "Mmeelewa?" Watakuitikia "Ndiyo" hadi paa litikisike. Uliza, "Nirudie wapi?"

Ndiyo. Neno hilo nimelitaja makusudi, maana nataka kuwaeleza habari za Zubeda, na kila nikizikumbuka miguu inawasha.

Zubeda alitoka Kolo, kule Kondoa vilimani. Baba yake, Mzee Swalehe, ni mkulima wa alizeti na uwele. Mtoto alikuja Ihumwa kukaa na shangazi yake, mjane aliyekuwa na banda la mama lishe karibu na reli, akaanza kidato cha kwanza kwetu. Huko alikotoka alikuwa kiranja mkuu, na mwalimu wake wa msingi alinipigia simu kumsifia hadi nikamwonea wivu. Aliyefika kwetu alikuwa mwingine. Alichelewa, kwa sababu asubuhi alisaidia kukanda chapati. Darasani hakutoa neno. Akiitwa jina anainamisha kichwa, akiulizwa anainamisha zaidi. Mimi nilikuwa nimeanza kumsogelea polepole, kwa kumtuma vitu vidogo ofisini ili anizoee, lakini vyumba vya walimu vina midomo. "Huyu wa Kolo hataki shule," walisema. Likisemwa mara nyingi jambo kama hilo, huwa kama limethibitishwa.

Mkuu wetu wa shule hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyefuta ule mtindo wa kumvalisha kibao shingoni mtoto aliyesikika akizungumza Kiswahili, na kwa hilo nitamwombea heri maisha yangu yote. Alikuwa na haraka tu, na alikuwa na sheria moja, kwamba ofisini kwake ni Kiingereza. Siku moja mimi nikiwa mjini kwenye semina, tena semina ya namna ya kuwasikiliza watoto, akamwita Zubeda. Niliporudi kesho yake dawati lilikuwa tupu. Baba yake alikuwa amepigiwa simu, akapanda basi, akaja akamchukua.

Nikaingia kwa Mkuu bila hodi.

"Madam, kabla hujanilaumu," akasema, "mtoto ameomba mwenyewe kurudi kwao."

"Zubeda? Zubeda ameomba kitu?"

"Nimemuuliza kwa upole kabisa."

"Ulimuulizaje, Mkuu? Nipe maneno yenyewe."

"Nilimwambia, You don't want to go back home? Akasema, Yes, sir. Nikarudia, nisije nikamwonea. Akasema tena, Yes, sir. Sasa ulitaka nimfunge kamba?"

Mliosoma mtaliona mara moja, lakini nyinyi mmeliona kwa kuwa mimi nimewaandikia. Mkuu alipomuuliza alikuwa anaitazama saa. Nilitembea kutoka dirishani hadi kabatini, nikarudi.

"Mkuu," nikamwambia, "hujanywa chai?"

"Ee, sijanywa. Chai imeingiaje hapa?"

"Umesema ee."

"Nimesema ee, sijanywa."

"Zubeda naye amesema ee, sitaki. Amekuambia, ee, sitaki kurudi nyumbani. Wewe umesikia, ee, nataka."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mtu mwenye shahada mbili, na kwao Mpwapwa wanajibu hivyohivyo, ukiuliza "Hujala?" unaambiwa "Ndiyo, sijala." Tunaikubali kauli ya aliyeuliza, kisha tunaeleza. Mtoto alikuwa ametafsiri Kiswahili chake neno kwa neno, na kwa Kiswahili alikuwa amejibu sawasawa kabisa. "Mungu wangu," Mkuu akasema, safari hii kwa Kiswahili.

Tulipiga simu ya Mzee Swalehe, haikupatikana. Tulipiga tena na tena. Nikaenda kwa shangazi bandani, nikamkuta anageuza chapati kwa hasira. Ndiye aliyeniambia jambo lililonifanya nisahau hata kumuaga. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Kondoa mjini ambaye mwaka uliopita alimtaka Zubeda akalee watoto wake na kusaidia dukani. Mzee Swalehe alimkatalia kwa sababu moja tu, kwamba binti anakwenda sekondari. "Sasa sababu imekwisha," shangazi akasema. "Yule mtu huenda Kolo kila Ijumaa kununua alizeti. Atamkuta mtoto yuko nyumbani. Nakuambia, mwalimu, kaka yangu akishatoa neno lake halirudi."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mkuu alitaka kwenda mwenyewe, nikamwambia abaki, asije akamwuliza mzee wa watu kwa Kiingereza. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeumwa. Basi la kwanza la asubuhi lilinikuta stendi, na nakiri nilimchosha kondakta kwa kumuuliza kila kituo kama tumefika. Nilikuwa na hofu. Si hofu ya baba mkali, nimewaona wengi. Nilihofia kufika na kumkuta mtoto ameshaondoka na furushi lake, akiamini kwamba shule imemfukuza.

Nilimkuta Mzee Swalehe anatoka palizi, jembe begani. Mtu mrefu, kanzu ya Ijumaa ilikuwa imeanikwa uani ikimsubiri. Alinikaribisha kwa heshima zote, akaagiza niletewe kigoda na uji. Nilikaa kwenye ncha ya kigoda, nikasimama.

"Mzee Swalehe, nimemfuata mwanafunzi wangu."

"Kunywa uji kwanza, mwalimu. Njia ni ndefu."

Nikaunywa ukiwa wa moto, ukaniunguza.

"Mwalimu," akasema, "mimi nakushukuru kwa kuja. Lakini mtoto kasema mwenyewe mbele ya mkuu wake kwamba anataka nyumbani. Watu nimewakatalia kwa ajili ya shule yake, na yeye amenivua nguo. Nikimrudisha kwa nguvu itakuwa nini?"

"Wewe ulimuuliza?"

"Nilimuuliza ndani ya basi. Nikamwambia, mwanangu, shule imekushinda? Akalia. Kilio nacho ni jibu." Akaonyesha kwa kidole vilima vilivyo nyuma ya nyumba. "Huko juu kuna michoro, wageni wanavuka bahari kuja kuitazama. Waliochora hawakusoma kidato cha kwanza."

"Na mpaka leo hatujui hata majina yao, mzee."

Alinitazama, nikaona ametaka kucheka akajizuia. Nikaomba Zubeda aitwe. Alitoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga, macho chini, akapiga goti. "Shikamoo, madam." Nilimwitikia.

"Zubeda, Mkuu alikuuliza nini siku ile? Mweleze baba kwa Kiswahili."

"Aliniuliza, hutaki kurudi nyumbani?"

"Ukamjibuje?"

"Nikamjibu ndiyo."

"Si umemsikia?" Mzee Swalehe akadakia. Nilimwona anayarudia maneno yale mdomoni, bila sauti, swali na jibu, swali na jibu. Akaliweka jembe chini. "Ndiyo ipi, Zubeda?"

"Ndiyo, sitaki, baba. Nilitaka kubaki shule." Machozi yakaanza. "Nilimjibu Mkuu vizuri, akakuita uje kunichukua. Sikujua nimekosea nini."

Kutoka jikoni mama yake, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, akasema kwa sauti, "Mimi nilisema! Nilisema mtoto huyu hana kosa!"

Mzee Swalehe alijikaza. "Sasa, mwalimu, kosa lake ni lipi? Amejibu anavyotakiwa kujibu."

"Kwa Kiswahili ndiyo. Kwa Kiingereza alitakiwa kusema No."

"No si ndiyo hapana?"

"Ndiyo hapana yenyewe."

"Amwambie hapana mkuu wa shule?" Alishtuka kama nimemwambia binti yake amtukane imamu. "Mtu mzima, tena ofisini kwake? Mtoto wangu mimi?"

Nilikuwa nimekuja nimebeba somo la sarufi, kumbe sarufi ni nusu ya jambo. Hata kama Zubeda angejua kwamba jibu ni No, asingelitamka. Mtoto aliyelelewa vizuri haambii mkubwa hapana. Anainamisha kichwa, anasema ndiyo, kisha anatafuta shangazi au bibi wa kumsemea. Sisi tunampokea mtoto wa namna hiyo, tunamweka mbele ya meza kubwa, tunamtaka atukatalie kwa lugha ya kigeni, na asipoweza tunaandika kwamba hataki shule. Nilijiuliza ni wangapi wamepita mbele yangu wakiitikia ndiyo huku wanazama. Bado najiuliza. Ndiyo maana sikai.

Nikamwambia mzee hivyohivyo, bila kupamba. Nikamwambia, "Neno naweza kumfundisha. Ruhusa ya kulitumia sina, unayo wewe."

Alikwaruza udongo kwenye jembe kwa kipande cha kijiti, muda mrefu kuliko ninavyoweza kuvumilia. Nilizunguka kigoda. Huko barabarani lori lilisikika likipanda, nami nikajisemea huyo ndiye mnunuzi wa alizeti amefika. Lori likapita.

"Zubeda."

"Abee, baba."

"Huko shule ukiulizwa kwa Kiingereza, na jibu ni hapana, sema hapana. Hata akiwa mkuu. Mimi baba yako nimekuruhusu."

"Ndiyo, baba."

"Lakini hapa nyumbani usijaribu."

Mama yake ndiye aliyecheka kwanza, kule jikoni. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, mzee akavaa kanzu akaenda msikitini, na aliporudi akaniambia kwamba ameonana na mfanyabiashara wake huko, amempa jibu lilelile la mwaka jana. Kesho yake asubuhi tukapanda basi, mimi na Zubeda na kuku mmoja niliyepewa, ambaye alikuwa mtulivu kunizidi.

Kabla sijamrudisha darasani nilipita kwa shangazi. Hakuwa mkatili, alikuwa amechoka, akakubali chapati za asubuhi azikande mwenyewe na Zubeda amsaidie baada ya vipindi. Kisha nikamtafuta Neema wa kidato cha pili, aliyekuwa jirani yao. Nilimchagua kwa sababu mwaka uliotangulia naye aliwahi kujificha chooni kipindi kizima cha hisabati. Msimpe mtoto mpya mlezi anayeongoza darasa. Mpeni aliyenusurika, huyo anajua mashimo yalipo.

Jumatatu nikamleta Zubeda ofisini. Mkuu alikuwa amejiandaa kumwomba radhi, tena kwa Kiswahili, nilimwona alivyojipanga kooni. Nikamzuia.

"Muulize tena, Mkuu. Swali lilelile, kwa Kiingereza kilekile."

"Madam, kwa nini tumtese mtoto?"

"Kwa sababu kesho mtu mwingine atamuuliza, na mimi sitakuwepo."

Mkuu aliweka mikono mezani. Akaongea taratibu, bila kutazama saa. "Zubeda. You don't want to go back home?"

Mtoto akainamisha kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinasokota pindo la sketi. Nilijishika ukingo wa kabati nisije nikajibu mimi. Nilimwona anafungua mdomo na kuufunga. Nilijua sentensi anaijua, tuliirudia ndani ya basi hadi kuku akaizoea. Alikuwa hatafuti neno. Alikuwa anatafuta namna ya kulisema kwa mtu mzima na kubaki mtoto wa Mzee Swalehe.

Kisha akapiga goti pale kwenye sakafu ya saruji.

"No, sir," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia darasani. "Shikamoo."

Mkuu wetu, mwenye ofisi isiyoingia Kiswahili, akavua miwani.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba."

Mimi nikavuta kiti, nikakaa.